Oili ya Pikapu ya Masista

Vijana wa gereji mliniomba niwaandikie namna ya kuchagua oili ya pikapu mpya, kwa sababu siku hizi pikapu mpya zinaingia Musoma kila wiki na kila moja ina masharti yake kama mgonjwa wa kisukari. Nitaandika. Lakini siwezi kueleza habari ya oili bila kumtaja Mzee Wambura, na siwezi kumtaja Mzee Wambura bila kusema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele yenu. Vumilieni. Anayetaka namba tu afungue kitabu cha gari, atazikuta humo. Hata mimi nilizitoa humo.

Nilifika gereji ya Kamunyonge nikiwa sijui hata spana inashikwaje. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja mabaya, nikatoka kijijini kwetu kando ya ziwa kuja kukaa kwa shangazi mjini. Mzee Wambura alikuwa jirani yake. Alikuwa Mzanaki wa Butiama, mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na jeki mbili, moja nzima. Vipuri vilikuja vimeandikwa Kiingereza, na yeye Kiingereza alikijua kwa kukisikia tu.

"Nahitaji mtu wa kunisomea maboksi," alimwambia shangazi. "Mshahara mdogo, ila chai huwaga ipo."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Siku ya kwanza nilisoma maboksi manne, na kufikia saa tatu asubuhi sikuwa na kazi nyingine. Nikakaa kwenye benchi na gauni langu safi. Mzee akaniangalia akipita, akaniangalia tena akirudi, halafu akaniletea visosa vitatu, kila kimoja kina oili ndani.

"Ipi ya injini, ipi ya gia, ipi ya haidroliki?"

Nikamwambia zote naona ni oili. Akaondoka bila kunijibu. Mchana akarudi na swali lile lile. Kesho yake pia. Siku ya tatu nikachovya vidole, nikanusa, nikasikia ile ya gia inatoa harufu kama ya yai lililooza. Nikamwonyesha. Mzee hakunisifu. Alinitupia ovaroli iliyokuwa imetundikwa ukutani na kusema, "Gauni utafuliwa na nani?" Tangu siku hiyo nikawa nashika spana asubuhi na kusoma maboksi jioni.

Alikuwa mkali. Lazima niseme hivyo, maana siku za msiba watu walimsifia upole, na mimi nikawa najiuliza wanamzungumzia nani. Ukifunga nati ya kumwagia oili bila kubadilisha washa yake, kile kipete cha kuzuia kuvuja, angekugombeza tangu saa mbili mpaka chai. Ukipima oili gari likiwa limesimama kwenye mteremko, angekuita mbele ya wateja aulize kama kwenu mnapimaga maziwa mtungi ukiwa umelala. Nililia mara nyingi miaka ile, nikijifungia stoo kati ya matairi. Lakini kila alilonigombeza nalikumbuka mpaka leo, na mambo niliyofundishwa shuleni kwa upole sikumbuki hata moja.

Kwa miaka mingi tulitumia oili moja tu, namba arobaini, nzito, inayotoka kwenye pipa. Ilikuwa sawa. Magari yaliyokuja kwetu yalikuwa yamechoka: pikapu za kubeba sangara kutoka Kisorya, za kubeba mihogo, za wafugaji waliopakia ndama na bibi harusi wiki moja. Injini iliyolegea inapenda oili nzito. Mzee alikuwa anachomoa kijiti cha kupimia, anapaka oili kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua polepole akiangalia pembeni kama mtu anayesikiliza jambo, halafu anakwambia gari limetembea kiasi gani na mwenye gari anadanganya kiasi gani.

Siku moja alikuja mtu wa Kisorya na pikapu inayotoa moshi wenye harufu ya maandazi. Oili ilikuwa imemwishia njiani akaongeza mafuta ya kupikia. Mzee alinusa kijiti, akamtazama yule bwana kwa utulivu mkubwa.

"Umetuletea gari au mgahawa?"

Tulifungua injini ile siku mbili. Ndani kulikuwa na kitu kama gundi. Tuliikwangua kwa vijiti vya mbao, kwa sababu chuma kingekwaruza, na gari likapona. Jioni ya siku ya pili Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono myeusi mpaka viwikoni, akaimba kwa Kizanaki wimbo wa kuswaga ng'ombe. Mimi ni Mjita, sikuelewa neno. Ningetoa kitu kikubwa kuusikia tena.

Sasa tufike kwenye pikapu ya masista.

Kulikuwa na zahanati ya misheni upande wa Bugwema, na masista walioiendesha walipata pikapu mpya, nyeupe, ya dizeli. Ilibeba dawa, ilibeba chanjo, na ilibeba wagonjwa kuja hospitali mjini, kwa maana hakukuwa na gari jingine huko. Msimamizi alikuwa Sista Adelina, muuguzi, mfupi, mwenye haraka siku zote. Alituletea gari kwa sevisi ya kwanza. Mzee akaagiza nichote arobaini kwenye pipa.

Nilikuwa nimeshafungua kitabu cha lile gari. Kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini wakati huo, fundi kamili, lakini mbele yake nilikuwa bado yule binti wa visosa.

"Mzee," nikasema, "kitabu kinakataa arobaini. Kinataka oili nyepesi, na iwe ya majivu machache."

"Majivu?" Akacheka. "Oili ina majivu? Tunapika?"

Sista naye akacheka. Nikaendelea. "Kuna chujio kwenye bomba la moshi, linashika masizi. Masizi yanachomeka yenyewe gari likikimbia. Lakini oili yetu ikiungua inaacha majivu, na majivu hayachomeki. Yanabaki humo mpaka chujio linaziba."

"Huyo aliyeandika hicho kitabu amewahi kufika Bugwema?"

"Sijui, Mzee."

"Hajafika. Kwa jua hili na vumbi hili, oili nyepesi itakuwa maji. Weka arobaini, binti."

Wateja watatu walikuwa wamesimama wanatusikiliza. Nikaweka arobaini.

Wote mnaoijua habari hii mnaijua mpaka hapo. Mnasema Mzee alikosea kwa ukaidi, na mimi nilikuwa sahihi nikanyamazishwa. Nimewaacha mseme hivyo kwa miaka mingi. Sikilizeni kilichofuata.

Baada ya sevisi ile, macho ya Mzee yalianza kuingia ukungu. Alikwenda kutibiwa Mwanza, akarudi, akaenda tena, kisha akapumzika kwao Butiama, na kwa zaidi ya mwaka mmoja gereji ilikuwa mikononi mwangu. Katika muda huo pikapu ya masista ilikuja mara nne. Mara ya kwanza nilipiga simu Mwanza. Muuzaji akasema oili ile anayo, ataiweka kwenye basi, nitaipata baada ya siku mbili. Sista Adelina akasema hawezi kulaza gari siku mbili, kuna chanjo za watoto. Nikachota arobaini. Mara ya pili sikupiga simu. Mara ya tatu sikufungua kitabu. Hakuna aliyeniamuru. Mzee hakuwepo. Nilijua kabisa, na nilimwaga oili ile kwa mkono wangu huu, nikijiambia kwamba mwenye gereji ndiye aliyesema.

Mzee alirudi kazini anaona vizuri, akifurahia kila kitu, hata kutu. Wiki ya pili tukasikia trekta nje. Lilikuwa linavuta pikapu nyeupe. Sista Adelina alishuka kutoka kwenye trekta na vazi lake likiwa na vumbi mpaka magotini, na dereva wake, Bwire, akabaki kwenye usukani wa pikapu bila kututazama.

Sista alisimama katikati ya gereji akatusimulia. Siku iliyopita, asubuhi, walikuwa wanamleta mjini mama mmoja aliyeshindwa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Mara gari likakosa nguvu. Halikuzima, ila lilikataa kwenda. Bwire akikanyaga, linaunguruma tu, linatambaa mwendo wa mtu anayetembea. Lami ilikuwa bado mbali.

"Nilikuwa nyuma naye," Sista alisema. "Nilikuwa namwambia, tunafika, mama, tunafika. Kuna watoto wa shule walikuwa wanatembea pembeni ya barabara. Wakatupita."

Akajifuta vumbi usoni, akaendelea.

"Lilikuja lori la dagaa. Tulimpandisha juu ya magunia. Mtoto alitoka hapo hapo, juu ya magunia, halii. Nikampulizia mdomoni mpaka akalia. Mama alitokwa damu njia nzima. Yuko hospitali, wanasema atapona." Kisha akanyoosha kidole kwenye gari. "Hili gari ni jipya. Niambieni kwa nini."

Mzee alifungua boneti. Akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya vidole, akanusa. Halafu akageuza kichwa akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama gari ambalo mwenyewe bado hajaeleza tatizo.

Tulimwita fundi wa Mwanza mwenye kompyuta. Alipima, akasema chujio la masizi limejaa. Hakusema ni oili peke yake. Alisema ni oili yenye majivu mengi pamoja na safari fupi fupi za mwendo wa kobe kwenye mashimo, gari halipati nafasi ya kukimbia na kuchoma masizi. Lakini barabara ya Bugwema haikuwa kazi yetu. Oili ndiyo ilikuwa kazi yetu.

"Nani aliweka oili hii?" Sista akauliza.

"Mimi," Mzee akasema. "Huyu alinisomea kitabu nikamcheka. Ulikuwepo, Sista."

"Na mara zile nyingine? Hukuwepo."

"Gereji ni yangu. Kila tone linalomwagwa hapa nimelimwaga mimi. Nisamehe."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kitambaa mkononi. Sentensi niliyotakiwa kusema ilikuwa fupi. Ni mimi niliyeweka. Kisha Sista akageuka, Bwire akashuka, watu wakaanza kuzungumza mambo mengine, na nafasi ikapita. Nilikunja kile kitambaa vizuri sana, nakumbuka, kona kwa kona, kana kwamba kuna mtu atakikagua.

Mzee aliwapa masista pikapu yake mwenyewe, ile kuukuu ya bluu, waitumie mpaka yao itengenezwe. Ikakaa huko miezi mitatu. Alikuwa anakuja kazini kwa miguu. Na tangu wakati huo hakuchagua tena oili. Mteja akimuuliza, alikuwa anasema, "Muulizeni Nyangeta, yeye ndiye anasomaga." Asubuhi kabla ya magari kuanza kuja, alivuta benchi, akanipa kitabu chochote cha gari kilichokuwepo, akasema, "Nisomee." Nilimsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anauliza maswali mazito. Kwa nini oili nyepesi haivunjiki kwenye joto? Wanaiwekea nini? Mengine sikuyajua, tukawa tunamuuliza muuzaji wa Mwanza kwa simu, wote wawili tumeinamia kifaa kimoja. Mwaka mzima asubuhi zetu zilikuwa hivyo, chai ya rangi, kitabu, na mzee wa zaidi ya miaka sabini anajifunza kazi upya kwa sababu ya kosa ambalo nusu yake, zaidi ya nusu yake, lilikuwa langu. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Nikafungua kitabu badala ya mdomo.

Basi niwape yale mliyoyaomba. Oili ya pikapu mpya haichaguliwi kwa uzito tu. Mtu akikwambia "weka 5W-30" bado hajakwambia kitu. Herufi ile W na namba iliyo mbele yake, tano, ni za baridi; namba ya nyuma, thelathini, ni ya injini ikishapata moto. Lakini zipo oili mbili zenye namba hizo hizo, moja ina majivu mengi na nyingine machache, na kopo kwa mbali ni lile lile. Tafuteni daraja lililoandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya kopo, mlilinganishe na kitabu herufi kwa herufi. Kama gari lina chujio la masizi na oili yake haipo dukani, gari lisubiri. Piga simu Mwanza, mwambie mteja ukweli, umwambie mabasi ya Mwanza yanapitaga Bunda kuja huku kila siku. Atakasirika. Acha akasirike. Kagueni mfuniko kama umefunguliwa, kwa kuwa wapo wanaojaza makopo ya watu oili iliyokwisha kutumika. Na ukishaelekezwa gari linatembea barabara gani, kama ni ya vumbi na mashimo usingoje kilomita za kitabuni, badilisha mapema. Hapo tu ndipo Mzee alipokuwa sahihi: aliyeandika kitabu hajafika Bugwema.

Mzee alistaafu akarudi Butiama. Nilikuwa nampigia simu sikukuu. Miaka ikapita, kisha mkewe, Mama Robi, akanipigia yeye. Alisema baba yenu kifua kinamsumbua, na anakuulizia. Nikapanda gari asubuhi ile ile.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. Tulizungumza habari za gereji, za nani kanunua nini. Mama Robi alipotoka kwenda kuchemsha uji, nikamwambia. Nilimwambia bila mapambo kwamba zile mara nne niliweka mimi, na nilikuwa najua.

Nilitegemea aniambie yamepita, mwanangu. Watu wagonjwa husema hivyo.

"Mara ngapi?" akauliza, kana kwamba hakusikia.

"Nne."

"Ya kwanza ulimwogopa Sista. Ya pili?"

"Uvivu, Mzee."

"Ya tatu?"

"Mazoea."

"Ya nne?"

"Ya nne siikumbuki."

Akajiinua kwa kiwiko. "Huikumbuki! Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote!" Akakohoa, nikamshika mgongo, akanisukuma mkono. "Nilisema ni mimi. Nikangoja unikatize. Nilikuwa nimesimama pale nangoja, binti. Hukunikatiza. Miaka sita nangoja!"

"Nisamehe, Mzee."

"Simama vizuri!"

Nikasimama. Nilikuwa na wajukuu wawili wakati huo, na mafundi wanane chini yangu. Nikasimama mguu sawa kando ya kitanda, na Mzee Wambura akanigombeza. Alinigombeza kuhusu oili, kuhusu kitabu, kuhusu yule mama juu ya magunia. Alipungukiwa pumzi, akasubiri, akaendelea pale pale alipoachia. Mama Robi akaingia na uji, akashtuka.

"Baba Robi, jamani, pumzika. Unamgombezea nini mgeni?"

"Niache," akasema. "Namfundisha mtu kazi."

Alipomaliza alilala chali, amefumba macho. Nikadhani amesinzia. Halafu akanyoosha mkono, akashika kidole gumba changu na cha shahada, akavisugua pamoja polepole. Akasema, "Haya, nenda. Wateja watakungoja."

Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Sista Adelina alikuja mazishini. Nikamwambia na yeye, pale pale Butiama, kabla hatujaondoka kaburini. Akasema yule mtoto wa magunia ameanza shule, na kwamba angelipenda kuusikia ukweli ule Mzee akiwa hai.

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlisema maneno mazuri mno, mkaniletea keki na kiti cha kupumzikia. Nawashukuru kwa moyo wote. Kiti nimekiweka mlangoni kwangu, nasikia pikapu zikipanda kutoka ziwani, na nyingine natambua kwa mlio kwamba oili yake imechelewa. Hakuna wa kumwambia. Nimekaa hapo wiki nzima nikiheshimiwa na kila anayepita. Shikamoo fundi, shikamoo mama. Na ninachotamani ni mtu mmoja tu asimame mbele yangu, mrefu, mwembamba, aniulize kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani nimeweka oili gani.